Mlio wa Pikapu ya Mama Kabula

Zimeni redio kwanza. Sina ugomvi na muziki, na huyo anayeimba hajanikosea kitu, ila jana nimepita kwenye gereji yenu nikawakuta mmeinamia injini moja watu watatu, spika inapiga nyuma yenu, na mnabishana gari linalia upande gani. Nikajiendea zangu. Mtu mzima akikuta mambo kama hayo anakwenda kunywa chai.

Mimi nimestaafu. Kwa fundi, kustaafu maana yake watu wanakuletea magari nyumbani badala ya gereji, na mke wako anawaambia haupo huku wewe umekaa pale pale wanakuona. Siku hizi naishi Kisesa, jirani na barabara kuu, na gari likipita nalisikia mkanda wake kabla sijaona rangi. Sijisifu. Ni usumbufu tu, hasa ukiwa unakula.

Mmeniomba niwaeleze habari za mikanda inayopiga kelele. Nitawaeleza ninachokijua. Magari ya zamani yalikuwa na mikanda miwili au mitatu, kila mmoja na kazi yake. Mengi ya sasa yana mmoja mrefu unaozunguka injini nzima, na ukikatika unaachwa na kila kitu kwa mkupuo: chaji, stelingi, na mara nyingi maji ya kupoza injini. Ila mlio ni ule ule. Mpira ukiteleza juu ya chuma unalia, na beringi ikiisha inanguruma. Kazi yako ni kujua unasikia kipi, usije ukamuuzia mtu mkanda mpya wakati mgonjwa ni gurudumu la puli.

Mimi nilifundishwa na Mzee Masanja, pale Nyakato. Alikuwa mtu mnene, mpole, na mkaidi kupita kiasi. Kwenye gereji yake kulikuwa na sheria moja: mteja akifika, gari lisizimwe mpaka watu wamalize kusalimiana. Na Mzee Masanja alisalimia kwa mtindo wa Kisukuma, hakuwa mtu wa mambo na poa. Mwangaluka. Nyumbani hawajambo? Watoto? Mama mkwe yule mguu umepona? Ng'ombe je? Huko kwenu mvua imenyesha? Pamba imeota? Muda wote huo gari linaunguruma, na yeye ameegemea boneti, anaitikia taratibu, macho yamefumbwa nusu. Mimi nilimwona mzee anayechoma mafuta ya watu bure.

Siku moja nikajifanya nina adabu, nikaingiza mkono dirishani nikazima gari la mteja wakiwa bado wako kwenye habari za mvua. Mzee Masanja akamgeukia mteja.

"Samahani. Kijana huyu amekata maneno."

"Mimi nilikuwa nimeshanyamaza, mzee," akasema mteja.

"Si yako wewe."

Jioni ndipo akanieleza. Mkanda uliolegea au kuzeeka unalia asubuhi ukiwa wa baridi, hasa ukinyeshewa au kupigwa na umande, ukipata joto unanyamaza. Beringi iliyochoka ni kinyume chake mara nyingi: inaanza kimya, injini ikipata moto ndiyo inaanza kunguruma. Ukisikiliza dakika moja tu utadanganyika. Inabidi gari lipewe muda. "Sasa ukimwambia mteja akae asubiri usikilize," akasema, "ataona hujui kazi. Ukimuuliza habari za ng'ombe wake, ataona umelelewa vizuri." Tangu siku hiyo nikawa nawauliza watu habari za ng'ombe. Hata Mhindi mmoja mwenye duka la vyombo mjini nilimuuliza, akanijibu kwa heshima kwamba ng'ombe hana, ila friji lake linasumbua. Tukasalimiana kwa habari za friji, na gari lake likawa limeshasema yote.

Ukishasikiliza, chukua maji. Maji tu, kwenye chupa iliyotobolewa kifuniko. Injini ikiwa inazunguka, nyunyizia kidogo upande wa ndani wa mkanda, ule unaoshika puli. Mlio ukinyamaza halafu ukarudi, mkanda umekauka au kuna puli imekaa upande, haijalingana na nyingine. Mlio ukizidi, mkanda umelegea. Usimwage ndoo nzima, hatuoshi gari. Na kabla hujainama kunja mikono ya shati. Namjua fundi ambaye shati lake liliingia kwenye feni, akabaki na kola tu. Aliendelea kufanya kazi mpaka jioni akiwa na kola, maana kwake mbali.

Halafu zima, ufungue mkanda, uzungushe kila puli kwa mkono. Nzima inazunguka laini. Mbovu utaisikia vidoleni, inakwaruza kana kwamba ndani kuna mchanga, au inacheza ukiitikisa. Hapo hapo ndipo mnapotakiwa mzime redio.

Wengine watawaambia mpake sabuni ya mche. Ukipaka sabuni, mkanda unanyamaza kweli, unanyamaza mpaka mteja afike Igoma. Sabuni ni ya mtu anayetaka kuondoka gereji kabla mteja hajarudi. Na ile mashine yenu ya kupimia siidharau, ninaiheshimu, imenionyesha mambo ya umeme ambayo ningeyatafuta wiki nzima. Inaposema chaji iko chini, iko chini. Ila mwisho wa siku lazima mtu ainame akaguse.

Basi. Sasa niwaambie habari ya Mama Kabula, maana ndiyo iliyonifanya nikubali kuja hapa.

Mama Kabula alikuwa anauza samaki. Asubuhi anachukua sato na sangara mwaloni, kando ya ziwa, anawapanga kwenye madeli yenye barafu, anapakia kwenye pikapu yake kuukuu na kuendesha mwenyewe: anapita Igoma, anauza Kisesa, anaingia barabara ya vumbi ya Bujora, anatoka, anamalizia njia ya Magu. Ni mjane, mwanamke mrefu, hana maneno mengi, na alikuwa anasomesha watoto kwa pikapu hiyo. Siku aliyokuja kwangu, nilikuwa na gereji yangu mwenyewe Igoma na Mzee Masanja alishafariki.

Nilimsikia tangu anakata kona. Ule haukuwa mlio wa kawaida. Ulianza juu, ukashuka, ukapanda tena, mbwa wa jirani akaamka akahama. Tukasalimiana, gari linaunguruma. Akaniambia injini inachemka akifika karibu na Kisesa, mshale wa joto unapanda, inabidi asimame aipumzishe huku barafu inayeyuka. Hivyo ndivyo alivyosema. Kuhusu mlio hakusema neno, na mimi sikumwuliza, maana ni nani anauliza mtu kama anataka kelele?

Nikapima kwa maji, mlio ukazidi. Nikafungua mkanda. Ulikuwa umelegea, umeng'aa ubavuni kwa kuteleza, na mtu fulani huko nyuma alishaupaka sabuni. Mkanda huo ndio uliokuwa unazungusha pampu ya maji na altaneta, kwa hiyo ukiteleza, maji hayasukumwi inavyotakiwa, injini inachemka. Beringi ya altaneta nayo ilikuwa inakwaruza. Nikabadilisha beringi, nikafunga mkanda mpya, nikaukaza mpaka ukiubonyeza kwa dole gumba unakubali kidogo tu na kugoma. Nikawasha. Kimya. Unasikia injini inavuta pumzi tu. Niseme ukweli, nilijisikia vizuri sana. Kuna mafundi wanaofanya kazi maisha yao yote hawajasikia kimya cha namna ile kutoka kwenye pikapu ya umri ule.

Mama Kabula akasikiliza, akanitazama, akasema ahsante, akaondoka. Nilimwona anageuza shingo mara mbili barabarani kana kwamba amesahau kitu.

Akarudi baada ya wiki kadhaa. Hakushuka kwenye gari. Nikamwambia karibu, mwangaluka, akaitikia vizuri, za nyumbani nzuri, za watoto nzuri. Nikamuuliza habari za gari.

"Halichemki," akasema.

"Mlio umerudi?"

"Haujarudi. Ndiyo shida yenyewe. Fundi, nirudishie mlio wangu."

Nikadhani ananitania. Ila Mama Kabula hakuwa mtu wa utani, na macho yake yalikuwa mekundu. Akafungua deli moja nyuma. Samaki walikuwa wamelainika, barafu imekuwa maji. Akanieleza taratibu, kwa sauti ya mtu aliyekwisha kulia nyumbani. Wateja wake wengi wanakaa ndani, mbali kidogo na barabara. Miaka yote walikuwa wakiusikia ule mkanda toka mbali, wanaosha sufuria, wanatoka. Sasa anafika, anasimama, hakuna mtu. Anasubiri, anaondoka. Akishaondoka ndipo mtu anatoka mlangoni, anaona vumbi tu. Njia ya Bujora alishaiacha kabisa, ilikuwa inampotezea barafu. Amebaki kuuza pale Kisesa barabarani, ambako kila mtu anauza. Akasema mwezi huu ukiisha hivi hivi, pikapu anaiuza, na watoto atawaambia wasubiri shule.

"Piga honi," nikamwambia.

Alinitazama kama mtu aliyeniona nimetema mate mezani.

"Honi ni ya ng'ombe, fundi. Mimi nimpigie mama mkwe wa mtu honi, atoke?"

Hapo alikuwa na haki. Kwenye barabara ile unapiga honi ng'ombe wapishe, na wao wenyewe wakati mwingine wanakataa.

"Kipaza sauti, basi."

"Wauza sumu ya panya ndio wenye vipaza sauti. Watu wakisikia wanafunga mlango."

"Si una simu? Wapigie."

"Nikimpigia mtu simu, atauliza bei halafu aniambie atanitafuta. Akisikia mlio, anatoka na sufuria. Mtu aliyeshika sufuria mkononi hawezi kukwambia anafikiria."

Akataka niulegeze mkanda kama ulivyokuwa zamani. Kuulegeza mkanda nilikataa. Nilimwambia wazi: nikiulegeza, injini itachemka tena, na siku moja itakufa njiani na madeli yote. Yeye akasema afadhali akwame anasikika kuliko afike hasikiki. Tukabishana pale, yeye ndani ya gari, mimi nje, mpaka mafundi wengine wakaacha kazi zao wakaja kusikiliza. Nilikasirika, siwafichi. Kazi yangu ilikuwa nzuri. Ila pia nilikuwa nawaona wale samaki.

Nikafungua boneti nikasimama nikiangalia injini. Na ndipo nikaiona kompresa ya AC. Pikapu ile ilitoka kiwandani na AC, mtu asikudanganye kwamba watu wa zamani hawakupenda raha. Ilikuwa imekufa siku nyingi, gesi hakuna, mkanda wake uliondolewa na mtu asiyejulikana. Ila kompresa yenyewe ilikuwepo, na kwenye puli ya chini ya injini kulikuwa na mfereji wa pili, mtupu, wa mkanda wake.

Kompresa inafanya kazi hivi: puli yake inazunguka bure tu mpaka ubonyeze swichi ya AC. Ukibonyeza, sumaku inaishika puli, na kompresa yenyewe ndiyo inaanza kuzunguka. Nikajaribu kuizungusha ile ya Mama Kabula kwa mkono. Ilikuwa ngumu, imekaza kwa kukaa, ila haijagoma. Mkanda uliolegea ukikutana na kitu kigumu hivyo, utalia. Na ukikatika, kitakachopotea ni baridi ambayo haikuwepo.

Nikaenda kuutafuta ule mkanda wake wa zamani. Nilikuwa nimeutumia kufungia geti. Kipimo chake hakikupishana sana, nikaufunga kwenye kompresa kwa kuuegesha, nikavuta waya toka kwenye swichi ya AC moja kwa moja mpaka kwenye sumaku, maana bila gesi isingekubali kushika yenyewe. Mkanda wa pampu ya maji sikuugusa. Nikahakikisha mikanda hii miwili haigusani, kila mmoja na mfereji wake. Nikamwambia awashe, abonyeze.

Pikapu ikapiga ukelele. Mbwa wa jirani akahama tena.

"Si huo," akasema Mama Kabula.

"Si huo vipi?"

"Huo ni wa gari la mtu mwingine. Wangu unaanza juu, halafu unashuka, halafu unapanda kidogo mwishoni."

Nikakaza kidogo. Akabonyeza. Akatikisa kichwa. Nikalegeza. Akasema unakaribia, ila huo una haraka. Nikasogeza kompresa kidogo sana kwenye bolti zake. Mafundi wale waliokuja kusikiliza ugomvi sasa kila mmoja ana maoni. Mmoja akasema mwisho unakosa huzuni. Nikamwambia ashike spana na huzuni yake aniachie mimi. Mteja mwingine aliyekuwa anangoja breki zake akaniuliza tunatengeneza nini, nikamwambia AC.

Mwishoni akabonyeza, mlio ukaanza juu, ukashuka, ukapanda kidogo. Mama Kabula akaachia swichi, gari likanyamaza. Akabonyeza tena. Akaweka paji la uso kwenye usukani akakaa hivyo.

"Ndio wenyewe," akasema.

Kesho yake nilikwenda naye. Nilimwambia nataka kuangalia kama mkanda haupati moto, na ilikuwa kweli, ila zaidi nilitaka kuona. Igoma hakubonyeza, kule hana wateja. Kisesa akabonyeza mara moja, nikaona wanawake wawili wanatoka uani wanakimbia na mabeseni, mmoja amesahau kandambili. Tukaingia njia ya Bujora. Akaishika ile swichi.

Akabonyeza muda mrefu. Hakutoka mtu. Akasogea, akabonyeza tena. Nikaona mtu mmoja anachungulia nyuma ya mahindi, akarudi ndani mbio. Halafu wengine wakatoka, ila hawakuja karibu. Walisimama wanaitazama pikapu. Hakuna aliyeshika sufuria. Mama Kabula akazima gari, akasema kwa sauti ndogo, "Wameshanunua kwingine."

Ndipo akaja bibi mmoja na fimbo yake, haoni vizuri, wale wengine wakimpisha. Akafika dirishani akapapasa mlango wa pikapu, akapapasa mkono wa Mama Kabula mpaka kwenye kiwiko.

"Shikamoo bibi," akasema Mama Kabula.

"Marahaba. Una joto," akasema bibi. "Ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa napita, bibi. Siku za mwanzo nilipita."

"Hukupita. Mimi ningesikia. Nakusikia ukiwa bado kule kwenye lami." Bado ameushika mkono. "Tumekaa, tumekaa, kimya. Gari linalolia vile halinyamazi hivi hivi. Tukajua umefariki."

Bibi akageuka akawaambia wale watu ni yeye, ni mzima, walete basi vile vitu. Vijana wakaenda wakarudi na gunia la mahindi na nusu gunia la mpunga.

"Tulichanga kwa ajili ya msiba wako," akasema bibi. "Nyumba hizi zote. Hatukujua kwenu ni wapi, tukawa tunamtafuta wa kutupeleka. Sasa umekuja mwenyewe, chukua. Vitu vya msiba havirudi majumbani kwa watu."

Mama Kabula, ambaye nilikuwa sijawahi kumwona akicheka wala kulia mbele za watu, alishuka kwenye gari akapiga magoti kwenye vumbi, akamsalimia yule bibi upya, kwa Kisukuma, taratibu, habari zote mpaka za ng'ombe. Hakuna aliyemharakisha. Samaki walikuwa kwenye barafu, gari limezimwa, na kwa mara ya kwanza tangu nijue kazi hii sikuwa na kitu cha kusikiliza isipokuwa watu.

Walipomaliza, bibi akauliza ni nani huyo mwingine ndani ya gari, anamsikia anapumua.

"Ni fundi," akasema Mama Kabula. "Yeye ndiye aliyenyamazisha gari."

Nikasema shikamoo. Bibi akaitikia marahaba.

"Basi mizigo abebe yeye," akasema.

Nikashuka, nikabeba. Gunia la mahindi kwanza, halafu mpunga, nikavipanga kati ya madeli ya samaki, huku watu wa nyumba zile wakirudi ndani mmoja mmoja kufuata sufuria.